Mawe ya Barabara ya Koru

Mwezi wa kwanza wa 2008 nilikuwa na miaka 13, na nilisaidia kusukuma jiwe hadi katikati ya barabara.

Nimeanzia hapo kwa makusudi, kwa sababu kwa miaka mingi nimekuwa nikianzia kwingine. Mtu akiniuliza ilikuwaje mtoto wa Muhoroni, mji wa miwa na harufu ya molasi, akaenda chuo kikuu kusomea mawe, huwa nampa hadithi safi. Namwambia kuhusu Koru, pale juu kidogo ya kwetu, ambako mwishoni mwa miaka ya 1920 mifupa ya kale ilipatikana kwenye chokaa, na mwaka wa 1933 Mwingereza mmoja, Arthur Hopwood, akampa mnyama mwenye mifupa ile jina la Proconsul, kwa kumkumbuka sokwe aliyekuwa maarufu kwa jina la Consul. Namwambia kuhusu Fort Ternan, alikochimba Louis Leakey mwaka wa 1961 na kupata taya ya mnyama mwingine wa jamii ya sokwe, aliyeishi miaka milioni 14 hivi iliyopita. Hadithi hiyo hupendwa. Inanifanya nionekane mtoto aliyelelewa juu ya kitu muhimu, ambaye siku moja alifumbua macho akakiona.

Ni ya kweli yote, ila siyo sababu. Tulipokuwa watoto hakuna aliyetuambia habari za Proconsul. Koru tuliijua kwa chokaa na kwa stesheni ya treni. Mawe tuliyajua kwa kazi zake: kukandamizia mabati yasipeperuke, kupanga mafiga, kuangulia maembe. Mwezi ule wa kwanza tukayaongezea kazi nyingine.

Kura zilipigwa Desemba 27, 2007. Matokeo ya urais yakatangazwa tarehe 30, jioni. Yaliyofuata unayajua hata kama ulikuwa mdogo. Nchi nzima zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao, hadi mkataba ulipotiwa sahihi Februari 28. Lakini sitaki kusimulia ya nchi nzima. Nataka kusimulia mita kama 30 za barabara.

Vijana wakubwa walitaka mawe ambayo gari haliwezi kuyapanda. Yalikuwa mengi kando ya shamba la miwa, ambako matrekta yalikuwa yameyasukumia wakati wa kulima. Mawe ya kijivu kilichokolea, mazito kuliko yanavyoonekana. Sisi watoto tuliitwa tusaidie, na kusema ukweli hatukuitwa mara mbili. Shule zilikuwa zimefungwa, baba alikuwa ameshinda kwenye redio, mama alikuwa ametukataza kutoka na tukatoka. Nilisukuma jiwe moja na wenzangu watatu. Nakumbuka lilipogonga lile lililotangulia. Lililia. Siyo mlio wa jiwe unaoujua. Lililia kama chuma, kama ile rimu ya gari iliyotundikwa mtini shuleni kwetu ikawa kengele. Tukacheka. Tukaligonga tena ili tusikie vizuri.

Kila gari lililofika pale liliulizwa swali moja: kwenu ni wapi? Aliyejibu alitazamwa mdomo, jinsi anavyotamka maneno, halafu akaambiwa atoe kitambulisho ili jina la pili lithibitishe.

Siku ya tatu likafika lori lililobeba familia zilizokuwa zikihamishwa. Juu yake kulikuwa na magodoro, masufuria, kuku wawili kwenye kikapu, na mwenzangu wa dawati. Tulikuwa tumekaa dawati moja tangu darasa la nne. Yeye ndiye aliyenifundisha kugawanya desimali, na mimi ndiye niliyemfundisha kuogelea kwenye mto Nyando. Sitaandika kabila lake wala langu. Msomaji Mkenya atakuwa ameshaanza kukisia, na huko kukisia ndiko ninakokuzungumzia.

Lori lilisimama kwa sababu ya mawe. Polisi wawili wakashuka, wakaanza kubishana na vijana, kisha kuwabembeleza. Ilichukua muda mpaka mawe mawili yakaondolewa, na katika muda huo mtu mmoja alipanda nyuma ya lori akaishusha cherehani ya mama wa mwenzangu. Mama yule alikuwa fundi wa sare za shule. Nusu ya darasa letu tulivaa kazi ya mikono yake. Alishika upande mmoja wa cherehani, yule mtu akashika mwingine, wakavutana kidogo, halafu mama akaachilia. Hakupiga kelele. Mwenzangu alikuwa akinitazama mimi. Mikono yangu ilikuwa na vumbi la mawe hadi kwenye viwiko. Nikaificha nyuma.

Lori likaenda. Shule zilipofunguliwa, kaptura yangu ilikuwa imepasuka, na mama akanipeleka kwa fundi mwingine sokoni. Ile cherehani niliijua mara moja. Mpini wa gurudumu lake ulikuwa umewahi kuvunjika, ukafungwa kwa kamba ya bluu, na kamba ilikuwa bado ipo. Nilisimama pale nikingoja kaptura, sikusema neno. Mama naye aliiona, nina hakika. Alilipa, tukaenda nyumbani.

*

Mwaka wa pili chuoni, mhadhiri aliweka jiwe mezani na nyundo ndogo kando yake, akamwambia aliyekaa mbele aligonge. Likalia. Nilihisi mgongo umeingia baridi.

"Hii ni fonolaiti," akasema. "Jina limetoka kwa Wagiriki, maana yake ni jiwe la sauti. Kuna mtu hapa amewahi kuliona huko nje?"

Nikainua mkono.

"Wapi?"

"Kwetu. Muhoroni."

"Na huko mnalitumia kwa nini?"

"Tunajengea," nikajibu.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma jiolojia kweli kweli. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nasoma ili nisifeli.

Nikagundua kwamba nimekulia kwenye miguu ya volkano bila kujua. Tinderet si mlima wa picha wenye ncha na moshi. Ukisimama stesheni ya Muhoroni ukatazama mashariki unaona tu nchi ikipanda taratibu, miwa ikiishia mahali na kijani kingine kikianza. Volkano yenyewe imelimwa. Pande zake zimegawanywa kama keki: huku Kisumu, kule Nandi, pale Kericho, na mipaka hiyo imewahi kuamsha watu usiku. Lakini lava haikujua kaunti. Tinderet ilianza kazi karibu miaka milioni 20 iliyopita, ikapumzika, ikarudi, ikapumzika tena. Haikuwa peke yake. Lile bonde linaloanzia kwetu na kuingia ziwani hadi Ghuba ya Winam ni mkono wa Bonde la Ufa ulioelekea magharibi, na kandokando yake kulikuwa na volkano nyingine: Homa kule ng'ambo ya ghuba, na Kisingiri mbele zaidi, ambayo mabaki yake ndiyo yaliyotuachia visiwa vya Rusinga na Mfangano.

Volkano zote hizo zilitoboa sakafu kongwe sana. Chini ya Nyanza kuna miamba ya zaidi ya miaka bilioni 2.5, kwenye ukingo wa kipande kigumu cha bara ambacho wataalamu hukiita kratoni ya Tanzania. Kwa hiyo jiwe la kwetu lina mambo mawili ya kuulizwa, na majibu yake hayafanani. Ulitoka lini? Na ulitoka kwa nani?

La kwanza ni rahisi kiasi. Ndani ya jiwe kuna potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo huoza ikawa gesi ya argoni. Nusu yake huisha kila baada ya miaka bilioni 1.25. Lava ikiwa bado uji, gesi hutoroka. Ikishaganda, gesi hunaswa na saa huanza kuhesabu. Pima argoni, pima potasiamu, utapata umri. Mawe ya majivu ya Koru na Fort Ternan yalipewa miaka yao kwa njia hiyo, na mifupa iliyozikwa humo ikapata yake.

La pili ndilo lililoninyima usingizi.

Chukua strontiamu. Ni elementi moja, lakini atomi zake hazilingani uzito. Kuna yenye uzito wa 86 na yenye uzito wa 87. Tabia ni ileile, uzito tu ndio tofauti. Hizo ndizo isotopu. Idadi ya zile za 86 haibadiliki. Zile za 87 huongezeka polepole, kwa sababu rubidiamu ya 87 huoza ikawa strontiamu ya 87. Polepole kweli: nusu ya rubidiamu hiyo huhitaji karibu miaka bilioni 49 kuisha, na dunia yenyewe ina miaka bilioni 4.5 tu. Mwamba wenye rubidiamu nyingi ukiachwa peke yake muda mrefu, utakuwa na strontiamu ya 87 nyingi kuliko jirani yake. Kwa hiyo uwiano wa 87 kwa 86 ni kama kumbukumbu. Unakwambia mwamba ulikaa na nini, na kwa muda gani.

Sasa fikiria sufuria ya nyoyo, ile mahindi na maharagwe ya kwetu. Tia maharagwe mekundu na meusi, yote ya ukubwa mmoja, na mchuzi mwingi. Ukichota juujuu kwa upawa utapata mchuzi zaidi na punje kidogo. Sahani yako haitafanana na sufuria. Hivyo ndivyo inavyokuwa mwamba wa huko chini ukianza kuyeyuka. Elementi nyingine hukimbilia kwenye uji, nyingine hubaki nyuma. Rubidiamu hukimbia kuliko strontiamu. Lakini hesabu yale maharagwe machache uliyochota. Wekundu kwa weusi, uwiano ni uleule wa sufuria, kwa sababu upawa haujui rangi. Na kuyeyuka hakujui tofauti kati ya 86 na 87, ni ndogo mno. Lava ikifika juu imebadilika joto, umbo na jina, ila uwiano ule imekuja nao vilevile kutoka chini, kwenye ile tabaka nene iliyo kati ya ganda la dunia na kiini, inayoitwa mantili.

Strontiamu ina wenzake. Samariamu huoza ikawa neodimiamu, na yenyewe inakwenda kinyume: mahali palipokusanya rubidiamu nyingi zamani, hapo ndipo neodimiamu ya 143 huwa haba. Urani huoza ikawa risasi. Ukiwa na hao watatu una mashahidi watatu wasiojuana, na wakikubaliana unaanza kuamini.

Lava nyingi za kutoka mantili huwa na uwiano wa strontiamu wa 0.703 hadi 0.705. Granaiti kongwe ya bara inaweza kupita 0.710 na kuendelea. Yaani ubishi wote uko kwenye tarakimu ya tatu, ya nne, ya tano baada ya nukta. Nilipoliona jambo hilo kwa mara ya kwanza, usiku, kwenye maktaba, nilifunga kitabu. Desimali nilifundishwa na nani? Umeshasoma hapo juu.

*

Mwaka wa 2017 nilirudi nyumbani na nyundo, mifuko ya sampuli na barua ya chuo, kufanya mradi wa mwaka wa mwisho. Mama aliangalia nyundo akauliza kama hiyo ndiyo digrii.

Nilienda kwanza pale barabarani. Nilijiambia nafuata ramani. Mawe yalikuwa bado yapo, yamesogezwa tu pembeni, na vijana wa boda walikuwa wameyageuza viti vya stejini. Moja lilikuwa limeng'aa juu kwa kukaliwa.

"Boss, hiyo mawe iko na pesa?" mmoja akaniuliza.

"Haina."

"Sasa unaitakia nini?"

Nikaligonga. Likalia. Wote wakacheka, kicheko kilekile, wakaniambia niligonge tena. Halafu yule aliyekuwa amelikalia, kijana ambaye 2008 alikuwa labda wa chekechea, akasema, "Haya ndiyo tulifungia barabara wakati ule." Alisema hivyo kama mtu anayetaja mwaka wa mafuriko. Tulifungia. Nikaandika kwenye daftari: fonolaiti, kijivu, chembe ndogo, imehamishwa na watu. Hilo la mwisho mwanajiolojia huliandika ili mtu mwingine asidhani jiwe liko lilipozaliwa.

Jioni nikampigia msimamizi wangu simu, nikamweleza nilichokusanya. Akanisikiliza, akacheka kidogo.

"Kama unatafuta chanzo, fonolaiti achana nayo. Imekaa sana njiani."

Alimaanisha hivi. Uji unaotoka mantili ukipanda moja kwa moja hufika juu ukiwa bado na magnesiamu nyingi na chembe za kijani za olivini, na ushahidi wake ni mzuri. Lakini fonolaiti ni uji uliosimama mahali kwenye ganda, ukapoa, ukaangusha madini yake ya kwanza, na huenda ukalamba kuta za mwamba wa kale uliouzunguka. Ikifika juu imechukua mambo ya njiani. Ukiipima huwezi kusema kwa urahisi lipi ni la kwao na lipi ni la safari.

"Nenda Legetet," akaniambia.

Legetet ni kilima cha Koru, na kile tulichokiita chokaa maisha yetu yote ni kabonataiti: mwamba unaofanana na chokaa kwa kemia, ila haukuzaliwa baharini, ulitoka na moto. Ni lava adimu. Leo volkano moja tu duniani hutapika ya aina hiyo, Oldoinyo Lengai kule Tanzania. Na kwa anayetafuta chanzo, kabonataiti ina sifa moja kubwa: imejaa strontiamu yake yenyewe, kiasi kwamba hata ikipita kwenye granaiti kongwe na kuchukua kidogo, uwiano wake hautikisiki. Ukiwa na gunia la mahindi, konzi moja ya jirani haibadilishi kitu.

Wa kwanza kuitumia vizuri sifa hiyo kwa eneo letu walikuwa Keith Bell na John Blenkinsop wa Chuo Kikuu cha Carleton, Canada. Mwaka wa 1987 walichapisha vipimo vya strontiamu na neodimiamu kutoka kabonataiti za Uganda, Kenya na Tanzania. Walipoziweka alama zao kwenye grafu, zikajipanga karibu na mstari mmoja. Siku hizi unaitwa Mstari wa Kabonataiti wa Afrika Mashariki. Na kwenye grafu ya aina hiyo, mstari una maana yake: vitu viwili vimechanganyika, huku kingi, kule kidogo. Ncha moja ni sehemu ya mantili iliyokosa rubidiamu kwa muda mrefu sana. Ncha nyingine ni sehemu iliyorutubishwa tangu kale. Kila volkano iko mahali katikati.

Ncha hizo ni nini hasa, na ziko kina gani, hapo ndipo wataalamu wanapogombana. Wengine wanasema moja inatoka kwenye nguzo ya joto inayopanda kutoka chini kabisa, na nyingine ni sakafu ya bara lenyewe, ule upande wa chini wa kratoni. Wengine wanasema zote mbili ni za sakafu ya bara. Mwaka wa 2000 Nick Rogers na wenzake, kwa kupima basalti za Bonde la Ufa la Kenya, walisema chini ya Afrika Mashariki kuna nguzo mbili, ya Afar na ya kwetu. Mwaka wa 2014 timu nyingine iliyopima gesi za heliamu na neoni, kutoka Ethiopia hadi kusini mwa Tanzania, ikasema hapana, ni moja tu. Zote zimepima kwa uangalifu. Mimi mashine yenyewe ya kupimia isotopu sijawahi kuigusa. Mradi wangu uliishia kwenye vipande vyembamba vya mawe chini ya hadubini na kusoma tarakimu za watu wengine.

Lakini jambo moja wanakubaliana wote, na ndilo nililotembea nalo miaka hiyo: hakuna aliyepata chanzo kimoja safi. Ukimuuliza jiwe wa kwetu, kwenu ni wapi, ukashuka naye hadi kilomita mia moja na zaidi chini ya shamba la miwa, anakujibu kwa uwiano. Kiasi hiki huku, kiasi hiki kule.

Ungekuwa mwisho mzuri huo. Niliwahi hata kuusema mbele ya watu, kwenye kongamano dogo la vijana, kuhusu amani. Nikasema hata mawe yetu ni mchanganyiko. Watu wakapiga makofi. Nikashuka jukwaani nikiwa na aibu ambayo sikuweza kuieleza, na usiku nikaelewa. Jiwe lile halikufika barabarani kwa sababu ya isotopu zake. Lilisukumwa, na mmoja wa waliolisukuma ni mimi. Nilikuwa nimeshuka kilomita mia chini ya ardhi na miaka milioni 20 nyuma ili nisisimame kwenye zile mita 30.

Nikaikumbuka ile kauli ya msimamizi, imekaa sana njiani. Kwa muda nilitaka kujitetea nayo. Nilikuwa mtoto, nilichukua mambo ya njiani, ya redio, ya vijana wakubwa, ya baba akinung'unika sebuleni. Ni kweli. Ila jiwe halikuwahi kusimama sokoni mbele ya cherehani likajua, likanyamaza. Hapo mfano unakatika, na ni vizuri ukatike.

*

Mwaka jana mtu alianzisha kundi la WhatsApp la shule yetu ya msingi. Salamu, picha za zamani, nani ameoa, nani ametutoka. Nambari moja niliitambua kwa jina. Anaishi Nakuru, ni fundi wa umeme. Hakuwa ameandika chochote kwenye kundi.

Nilikaa nayo wiki mbili. Halafu nikamtumia picha ya lile jiwe, niliyoipiga 2017, vijana wa boda wamelizunguka. Sijui nilitarajia nini. Labda nilitaka aanze yeye.

Siku mbili baadaye akajibu: "Hilo jiwe nalijua. Siku ile wewe ulikuwa unafanya nini pale?"

Nikaanza kuandika kuhusu Tinderet. Kweli, nisikufiche, niliandika mistari minne kuhusu fonolaiti na kwa nini inalia. Nikafuta. Nikaandika: "Nilikuwa nimelisukuma. Na cherehani ya mama niliiona sokoni shule zilipofunguliwa, kaptura yangu ilishonewa hapo. Niliijua kwa ile kamba ya bluu. Sikumwambia mtu."

Alama mbili zikageuka bluu. Sikulala vizuri. Asubuhi nikakuta jibu.

"Mama bado yuko. Hayo mwambie yeye mwenyewe." Chini yake nambari ya simu.

Hiyo ni wiki ya tatu sasa. Nambari sijaipiga, kwa sababu sidhani ni jambo la simu. Nimeulizia nauli ya Nakuru, ambayo naijua. Nimeulizia pia bei ya cherehani mjini Kisumu, ile ya gurudumu. Muuzaji aliniuliza ni ya nani, nikamwambia ni ya mama mmoja. Akaniuliza kama ni mama yangu. Nikasema hapana, ila nilivaa nguo zake.

Nitasafiri Jumamosi. Nimeandika haya leo ili Jumamosi nisije nikapata sababu ya kuanzia kwingine.